Banda la Ng'ombe Nalo Linahitaji Hodi

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)



Wiki hii sitazungumza habari za siasa, wala bei ya sukari, wala mpira. Nataka tuzungumze juu ya banda la ng'ombe. Najua wapo watakaocheka na kusema kwamba huyu bwana leo ameishiwa na la kusema. Nawaomba wavumilie kidogo, kwa sababu banda ninalolisemea lilimla mstaafu mmoja nusu ya kiinua mgongo chake, likawagombanisha majirani waliokuwa wakiazimana chumvi kwa miaka kumi na minne, na mimi mwenyewe likanifundisha jambo ambalo sikulijua pamoja na kusoma kwangu kote.

Banda hilo lilikuwa Murongo. Kwa wale wasioijua, Murongo ni mji mdogo wa mpakani, huko Kyerwa, mkoani Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ukitoka Bukoba unapita Kyaka, unapanda Karagwe, kisha unashika njia ya Omugakorongo na Kigarama mpaka unaukuta Mto Kagera. Mbele yako liko daraja, na ng'ambo ya daraja ni Kikagati, wilaya ya Isingiro, nchi ya Uganda. Migomba imejaa huku, imejaa na kule. Watu wa pande mbili wanasikilizana lugha, wanaoana, wanazikana, na kila mmoja anajua bei ya maziwa ya mwenzake.

Baba yangu mdogo anakaa hapo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hata leo watu wote wanamwita Mwalimu, mimi nikiwemo. Alipostaafu hakutaka kununua pikipiki za kukodisha wala kufungua duka. Alisema, "Mwanangu, duka linataka mtu mwongo kidogo, na mimi uwongo nimeuchapia watoto viboko miaka thelathini na tano. Nitafuga." Akanunua ng'ombe watatu wa maziwa, chotara, akajenga banda nyuma ya nyumba yake. Tena halikuwa banda la miti na nyasi. Lilikuwa na tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, hori, mabati mapya, na mahali pa kulala kila ng'ombe pamepimwa kwa futi, kama alivyoelekezwa na bwana mifugo. Alinitumia picha. Nami nikaionyesha kazini kwa majivuno.

Miezi saba baadaye akanipigia simu. Banda limepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Amepewa siku thelathini alivunje mwenyewe.

Ndugu wasikilizaji, nyote mnaijua ile alama. Wenye nyumba kando ya barabara kuu wanaijua zaidi. Mimi nilipoisikia damu ilinichemka. Nikasema moyoni, wamemwona mzee mstaafu hana mtu, sasa wanataka kitu kidogo. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi, na njia nzima nikawa natunga hotuba. Nilikuwa na maneno makali ya kutosha ofisi tatu.

Nilifika jioni. Mwalimu alinipokea vizuri, akanipa chai ya maziwa yale yale, lakini niliona uso wake umesinyaa. Asubuhi nikaenda kuliona banda. Kwa mbele lilikuwa zuri kuliko hata kwenye picha. Nikazunguka nyuma, na hapo ndipo hotuba yangu ya kwanza ilipoharibika.

Kiwanja cha Mwalimu kiko kwenye mteremko. Juu ni barabara na nyumba, chini ni mto. Ng'ombe mmoja mkubwa wa maziwa hutoa kinyesi cha kilo 20 na zaidi kwa siku, mbali na mkojo, na sakafu ya saruji husafishwa kwa maji kila asubuhi. Vidume wake watatu hao wa kike, maana ndivyo alivyowaita kwa utani, walikuwa wakitoa samadi ya toroli nzima kila siku. Nyingine ilibebwa kupelekwa migombani. Lakini ile ya majimaji ilikuwa imejichimbia mfereji wake yenyewe. Ilipita chini ya ua wa miti, ikaingia kwa jirani, ikapita karibu na jiko lake la nje, ikateremka mpaka kwenye njia ambayo watoto huitumia kwenda kuchota maji mtoni.

Jirani huyo ni mama mjane anayepika chakula cha kuuza. Wateja wake ni madereva wa malori na wapita njia wa mpakani. Inzi walipoanza kutua kwenye sahani, wateja walianza kuhamia kwa wengine. Alimwambia Mwalimu mara ya kwanza kwa upole. Mwalimu akaahidi kuchimba shimo. Alimwambia mara ya pili. Mwalimu akasema mvua ikipungua. Mara ya tatu hakumwambia Mwalimu. Alikwenda kwa bwana afya.

Basi nikapiga hatua kutoka ukuta wa nyuma wa banda mpaka ukingo wa maji. Nikahesabu hatua arobaini na nane. Na hapo hotuba yangu ya pili nayo ikaharibika, kwa sababu Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria hiyo haiulizi kama wewe ni mwalimu au tajiri, wala haiulizi kama banda lako ni zuri au baya. Inauliza umbali. Mto Kagera ndio unaolisha Ziwa Victoria kwa maji mengi kuliko mto mwingine wowote, na njiani maelfu ya watu wanaunywa. Ukitia samadi Murongo, kuna mtu wa chini ya mto atakayeikuta kwenye ndoo yake.

Bwana afya alikuwa kijana, mwenye adabu kabisa. Alisimama aliponiona, akaniita Mzee ingawa sijafika huko, akanionyesha barua zake zote na tarehe zake. Hakuomba chochote. Nilirudi nyumbani bila hotuba hata moja.

Lakini msidhani kwamba kisa kinaishia hapo, kwamba mkosaji ni Mwalimu na sheria imeshinda. Jioni ile nilimwuliza, "Mwalimu, kwa nini hukuomba kibali kabla ya kujenga?" Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule. Ndani yake ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: siku aliyokwenda kuuliza, na jibu alilopewa. Alikwenda mara nne katika ofisi moja ambayo siitaji jina. Mara ya kwanza aliambiwa mhusika yuko semina. Mara ya pili aliambiwa alete ramani iliyochorwa na mtaalamu, na aliyemwambia hakumwambia mtaalamu huyo anapatikana wapi. Mara ya tatu aliambiwa banda la ng'ombe halina haja ya kibali, ajenge tu. Mara ya nne, alipotaka jibu hilo aandikiwe kwenye karatasi, aliambiwa aje wiki ijayo. Wakati huo ng'ombe alikwisha kuwalipia, na wanalala nje mvuani. Akajenga.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo ninapotaka tutulie tufikiri pamoja. Kama Mwalimu angepata jibu siku ile ya kwanza, jibu hilo lingekuwa nini? Lingekuwa "hapana". Pale mahali pasingekubalika hata kidogo. Na hiyo "hapana" ingemwokoa. Angechimba msingi juu, ndani ya kibanja chake cha migomba, mbali na mto na mbali na jiko la watu, na leo banda lingekuwa limesimama. Tumezoea kuwaza kwamba mwananchi anaumizwa na ofisi inayomkatalia. Mimi nasema anaumizwa zaidi na ofisi isiyomjibu. Hapana ya mapema haigharimu chochote zaidi ya nauli. Hapana inayokuja baada ya saruji kukauka inamgharimu mtu uzee wake.

Sasa tuulize, sheria inasemaje juu ya mabanda haya? Nitajaribu kueleza kwa kifupi, bila kuwachosha.

Sheria yetu ya zamani ya mipango ya miji na vijiji ilitungwa mwaka 1956, wakati wa Waingereza, na ilifuata mfano wa sheria yao ya mwaka 1947. Huko kwao Waingereza walifanya jambo la busara. Walisema matumizi ya ardhi kwa kilimo na ufugaji yasihesabiwe kuwa ni uendelezaji unaotaka ruhusa, kwa sababu nchi ilikuwa imetoka vitani na ilihitaji chakula. Lakini farasi aliwapa taabu. Farasi wa kuvuta jembe ni kilimo. Je, farasi wa kupanda kwa starehe? Walijibu kwamba huyo si kilimo. Kwa hiyo mpaka leo, Mwingereza akitaka kujenga banda la farasi wa kupanda, na uwanja wa mchanga wa kumfanyia mazoezi, huko mashambani, lazima aombe ruhusa kwa halmashauri yake. Tangazo linatundikwa hadharani karibu na mahali penyewe, na majirani wanapewa siku 21 za kusema lao. Wanasema kweli kweli! Mmoja atalalamikia taa za usiku, mwingine harufu, mwingine magari ya kuvuta farasi kwenye njia nyembamba. Halmashauri inasikiliza, halafu inaamua, na inaandika sababu.

Sisi huku farasi hatumjui sana. Mbung'o na maradhi ya farasi vilimzuia tangu zamani asitamalaki, na wengi wetu tumemwona chini ya askari wa kikosi cha farasi cha polisi tu. Karagwe ni nchi ya ng'ombe. Mwaka 1861, Mwingereza Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika, alikuta ufalme ambao ng'ombe ndiye heshima yake, hata katika hazina ya wafalme wa Karagwe walikuwamo ng'ombe waliofuliwa kwa chuma. Kwa hiyo mtu wa Karagwe au Kyerwa akiambiwa kwamba ng'ombe anahitaji kibali, anasikia kama ameambiwa kwamba babu yake anahitaji kibali. Lazima tumwelewe.

Lakini swali lile la Waingereza linatuhusu pia. Banda la ng'ombe ni kilimo, au ni jengo? Jibu linategemea mahali lilipo. Kijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na halmashauri hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kijiji kinaweza pia kupanga matumizi ya ardhi yake: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu. Hiyo ndiyo kazi iliyowekewa sheria yake mwaka 2007. Mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Mipango Miji, ambayo ilichukua mahali pa ile ya mwaka 1956. Sheria hii inasema kwamba eneo likishatangazwa kuwa eneo la mipango, hapana ruhusa kuendeleza kiwanja bila kibali cha mamlaka ya hapo. Na mjini hata idadi ya ng'ombe ina kikomo. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 zilisema mtu asifuge zaidi ya ng'ombe wanne, na afugie ndani, asichunge barabarani.

Mnaona tatizo linakokuja? Murongo ya miaka thelathini iliyopita na Murongo ya leo si moja. Palipokuwa na nyumba tatu na mti wa kupumzikia, leo pana nyumba za wageni, maduka ya simu, maghala na magari ya mizigo. Mji haukupiga hodi. Umekuja taratibu, nyumba kwa nyumba, mpaka siku moja mtu anaamka anakuta zizi la baba yake liko katikati ya mji. Hakuhama yeye, wala ng'ombe hawakuhama. Lakini jana alikuwa mfugaji, na leo ni mchafuzi wa mazingira.

Wengine husema, "Aliyetangulia ndiye mwenye haki. Aliyejenga karibu na zizi asilalamike harufu." Neno hilo ni tamu kulisikia. Lakini mwaka 1879 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya mtengenezaji peremende mmoja wa London, aliyekuwa akitwanga sukari kwa vinu vyake kwa zaidi ya miaka 20. Daktari wa jirani akaja kujenga chumba cha kupimia wagonjwa kikabana na jiko lile, halafu akashitaki kwamba kelele za vinu zinamzuia kusikia vifua vya wagonjwa. Daktari akashinda, ingawa vinu vilimtangulia. Mawazo ya kesi ile yamesafiri na sheria za Waingereza mpaka kwetu. Kutangulia peke yake si kinga. Kwa hiyo mfugaji anayetegemea kwamba "mimi nilikuwapo kwanza" anategemea mti mkavu.

Basi kinga ni nini? Kinga ni mpango uliofanywa mapema, kabla mji haujafika. Kijiji kinachokaa mpakani, au njia panda, au penye mnada, kijue kwamba mji unakuja. Wazee wakae sasa, wakati ardhi bado ipo, waseme: nyumba na maduka yawe upande huu, mabanda ya mifugo yawe upande ule, upepo unakoelekea, mbali na maji. Kisha waandike, wapitishe kwenye mkutano mkuu. Sheria inautaka mkutano huo ukutane walau mara moja kila miezi mitatu. Ajenda ya mabanda haiwezi kukosa nusu saa katika mikutano minne ya mwaka.

La pili, maombi ya banda dogo yawe mepesi. Siwezi kuona kwa nini mtu mwenye ng'ombe watatu aombwe karatasi sawa na za mtu anayejenga hoteli ya ghorofa. Iwepo fomu moja ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa Kiswahili cha kueleweka. Iulize mambo sita tu. Ng'ombe wangapi? Umbali kutoka mtoni au kisimani ni hatua ngapi? Umbali kutoka nyumba ya jirani? Maji machafu yatakwenda wapi? Samadi itawekwa wapi? Majirani wanne wa karibu wamesema nini, na wametia saini? Bwana afya na bwana mifugo waende pamoja siku moja, waone, waandike ndiyo au hapana, na sababu. Na ofisi ipewe siku za kujibu, kama yule mwalimu alivyopewa siku za kuvunja. Haiwezekani mwananchi awe na siku thelathini na ofisi iwe na umri wote.

La tatu linatuhusu sisi tunaonunua magazeti na kukaa mijini. Siku hizi kuna mtindo wa kwenda vijijini kununua ekari kumi, ekari ishirini, kwa ajili ya shamba la mapumziko. Mtu anajenga nyumba, anaweka ng'ombe wa kisasa, bwawa la samaki, na wachache wenye nafasi hata farasi wa watoto kupanda mwishoni mwa juma. Si vibaya. Lakini wengi wetu tunamalizana na mwenye shamba chini ya mti, mwenyekiti anagonga muhuri, tunapiga picha, tunaweka uzio. Mkutano mkuu wa kijiji hatukuuona hata kwa macho. Tunaziba njia ya maji na njia ya ng'ombe za watu, halafu siku wanakijiji wanapokuja juu tunasema wana wivu. Ndugu zangu, huo si wivu. Hukupiga hodi. Hati uliyonayo inaweza kuwa karatasi ya kufungia karanga. Kabla ya kutoa fedha, uliza kijiji kimetenga eneo hilo kwa ajili ya nini, na uone muhtasari wa mkutano uliokubali. Mgomvi akitokea, lipo baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba na wasiopungua watatu kati yao ni wanawake, ambalo kazi yake ni kupatanisha kabla watu hawajafikishana mbali.

Na kwa wafugaji wenyewe nina neno. Tusidhani kibali ni hongo ya serikali au kiburi cha wasomi. Kibali ni namna ya kumwuliza jirani kabla ya kumtia hasara. Samadi ambayo kwa jirani ni uchafu, migombani ni mali. Chimba shimo, lijengee kingo, lifunike. Ukiweza, weka mtambo wa gesi ya samadi, kwa maana ng'ombe wawili au watatu wanatosha kuwasha jiko la familia, na kuni zitabaki msituni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu wangu hakuziba ufa wa mfereji ule, na matokeo yake akavunja kuta nne.

Maana aliuvunja. Sikwenda kumtetea popote. Kwanza alinuna siku mbili, akasema afadhali awauze wote watatu. Siku ya tatu nilimkuta amevaa kofia yake ya zamani, anang'oa mabati misumari kwa misumari ili asiyatoboe zaidi. Mabati, miti na hori tuliokoa. Tofali zilipona kama nusu. Sakafu ya saruji, ambayo ilimgharimu kuliko yote, haikubebeka. Ilibidi auze ng'ombe mmoja ili ajenge banda jipya juu, ndani ya kibanja, safari hii akiwa na barua mkononi. Barua hiyo aliipata kwa siku kumi na moja, kwa sababu yule kijana wa afya aliifuatilia mwenyewe. Ameiwekea fremu, ameitundika sebuleni karibu na cheti chake cha ualimu.

Usiku wa mwisho kabla sijaondoka tulikaa barazani, taa za Kikagati zikiwaka ng'ambo ya mto. Nikamwuliza habari za jirani. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hakunikosea. Mimi ndiye niliyemwambia mvua ikipungua." Nikamwambia, basi nenda ukamwambie hivyo. Akasema ataona.

Nimesikia kwamba mama yule siku hizi ananunua tena maziwa kwa Mwalimu, lita mbili kila asubuhi kwa ajili ya chai ya wateja. Lakini haji mwenyewe kama zamani. Anamtuma mtoto na chupa, na fedha imefungwa kwenye kitambaa. Mwalimu anajaza, anaongeza kikombe kimoja cha bure, na mtoto anarudi. Hawajakaa tena kuzungumza. Hilo ndilo ambalo hakuna barua ya ofisi yoyote inayoweza kulirudisha kwa siku kumi na moja.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, kama wewe ni mfugaji, uliza kabla hujachimba msingi, na ukishauliza, taka jibu lililoandikwa. Kama wewe ni mwenye ofisi, na kuna mzee amekaa kwenye benchi nje ya mlango wako tangu asubuhi akiwa na daftari la shule mkononi, mwite ndani. Mpe jibu lake leo, hata kama jibu lenyewe ni hapana.